Vipimo Ni Safi, Lakini Mwili Unauma: Je, Anasema Uongo?

Katika toleo lililopita niliahidi kuandika juu ya sadaka ya mavuno. Sadaka itangoja. Kuna jambo limenikalia moyoni tangu mwanzo wa mwaka, nami nimeona ni vema nilitoe hapa kwa sababu kosa lilikuwa langu, na nadhani silo langu peke yangu.

Mama mmoja wa kanisa letu alikuja kwangu na maumivu. Sitamtaja jina. Nimemsomea maneno haya kabla ya kuchapwa, akaniruhusu, na mambo machache nimeyabadilisha ili jirani asimtambue. Alivuka mpaka wa Bunagana mwaka 2022 na watoto watatu, akitokea upande wa Rutshuru. Mgongo ulikuwa ukimwaka kama umepakwa pilipili, kuanzia shingoni hadi kiunoni. Mkono wa kuume ulikuwa ukifa ganzi hata hawezi kushika mwiko. Usiku moyo ulimpiga kama wa mtu aliyepanda mlima. Alikwenda kituo cha afya mara nne. Malaria hakuna, tifoidi hakuna, sukari iko sawa, presha iko sawa, picha ya mgongo ni safi. Kila mara alipewa panadoli, na mara ya nne aliambiwa, "Mama, wewe huna ugonjwa."

Maneno hayo yalifika mtaani kabla yake. Mnajua wenyewe jinsi ilivyo kwetu. Watu wakaanza kusema kwamba anatafuta kuandikwa kwenye orodha ya wagonjwa ili apelekwe nchi ya tatu. Wengine wakasema ni mambo ya giza aliyotoka nayo nyumbani.

Nami nilifanya nini? Nilimwita nyumbani kwangu mbele ya wazee wawili, nikamwambia kwamba kama waganga hawaoni kitu, basi kuna kitu kimefichwa, na yeye anakijua. Nikampa siku tatu za kufunga bila chakula wala maji. Siku ya pili alianguka penye bomba, bidoni ikamwagika. Aliyekuja kuniita ni binti yake mkubwa, wa miaka tisa. Mtoto yule hakulia. Alisimama mlangoni akasema, "Baba mchungaji, mama ameanguka. Nimeshamlaza kivulini." Kisha akageuka akaondoka, bila kungoja kuona kama nitamfuata.

Nimemfikiria mtoto huyo kuliko mama yake. Nitarudi kwake.

Baada ya wiki mbili yule mama, akiwa hajanilaumu hata kwa neno moja, aliniomba barua. Alitaka mchungaji ashuhudie kwamba yeye ni mgonjwa, aipeleke ofisini ili apunguziwe kazi za foleni na kubeba mizigo. Nikakataa. Nilimwambia siwezi kushuhudia kitu nisichokiona. Nililala usiku huo nikijiona mtu mwaminifu.

Swali langu la leo limetoka hapo. Mtu akisema anaumwa na vipimo vikasema hapana, nani aaminiwe? Na mimi niliyekataa kuandika barua, nilikuwa nikilinda kweli, au nilikuwa nikijilinda mwenyewe?

Tuanze na neno "hakuna kitu". Kipimo cha malaria kinaulizwa swali moja tu: je, kuna vijidudu vya malaria katika tone hili la damu? Kikijibu hapana, kimejibu swali hilo, hakikujibu lingine. Ukiuliza jirani kama mbuzi wako amepita kwake akasema hapana, hujajua mbuzi yuko wapi, wala hujajua kwamba hukuwa na mbuzi. Vipimo vitano safi ni maswali matano yaliyojibiwa. Sisi tuliosikia tukageuza "si malaria" kuwa "si kitu", kisha "si kitu" ikawa "ni mwongo". Hatua hizo mbili hakuna daktari aliyezipiga. Tulizipiga sisi.

Lakini ndugu zangu, msikimbilie upande wa pili pia. Kuna watu siku hizi, hata wenye mafunzo mazuri, ambao kila ugonjwa usiojulikana wanauita "mawazo". Kumbukeni vidonda vya tumbo. Kwa miaka mingi madaktari walifundishwa kwamba vinaletwa hasa na wasiwasi na asidi nyingi. Kisha waganga wawili wa Australia, Robin Warren na Barry Marshall, wakaonyesha kwamba vingi vinaletwa na bakteria wanaokaa tumboni. Hawakuaminiwa haraka. Mwaka 1984 Marshall alikunywa mwenyewe bakteria hao ili aonyeshe, akaugua tumbo. Mwaka 2005 wakapewa tuzo ya Nobel. Watu wangapi waliambiwa "punguza mawazo" huku dawa ya kuwaponya ilikuwa ni vidonge vya kuua bakteria? Kwa hiyo nasema mapema: anayepungua uzito bila sababu, anayetoa damu, mwenye homa isiyoisha, aliyelegea ghafula upande mmoja wa mwili, au aliyeanza kushindwa kuzuia mkojo, huyo arudi kituoni leo, na akirudishwa aende tena. Mwili kwanza upimwe vizuri. Ninayoandika hapa chini ni kwa ajili ya wale waliopimwa vizuri.

Sasa, maumivu yao yanatoka wapi? Nilipata nafasi ya kukaa siku tano katika mafunzo ya washauri wa jamii, na nilikwenda nikiwa na moyo mgumu, nikidhani watatuambia mambo ya kizungu. Wakatueleza jambo ambalo kila mmoja wetu analijua mwilini mwake. Hatari ikija, mwili haungoji akili. Homoni inayoitwa adrenalini inamwagwa katika damu, moyo unakwenda mbio, pumzi inakuwa fupi, damu inakimbilia miguuni na mikononi, tumbo linasimamisha kazi, misuli ya shingo, mabega na mgongo inakaza. Hiyo ni zawadi. Bila hiyo wengi wetu tusingefika mpaka. Kwa kawaida hatari ikiisha mwili hulegea. Lakini mtu aliyeishi katika hatari miezi na miaka, mwili wake unaweza kusahau namna ya kulegea. Misuli iliyokazwa mchana na usiku inauma kweli. Tumbo lililosimamishwa kila siku linajaa gesi na kuchoma kweli. Na mishipa ya fahamu inayopeleka habari za maumivu inazoea kupiga kelele, hata inapiga kelele kwa kitu kidogo. Mbwa aliyewahi kuvamiwa na wezi atabweka hata upepo ukitikisa mlango. Mwizi hayupo, lakini kubweka kupo, na hakuna mtu nyumbani anayeweza kulala.

Mimi mwenyewe nina mbwa huyo. Pikipiki ikisimama karibu na nyumba yangu baada ya saa tatu usiku, tumbo langu linakaza kama ngumi, na halilegei mpaka alfajiri. Nilivuka mwaka 2008. Nimehubiri mara nyingi juu ya kutoogopa, nikiwa na cheti cha chuo cha Biblia ukutani, na tumbo langu halijasikiliza hata mahubiri moja. Siku ya mafunzo, mwalimu alituomba tutulie tuangalie namna tunavyopumua, nikagundua kwamba nilikuwa nimeizuia pumzi yangu bila kujua. Miaka mingapi? Sijui. Sikuwa na pepo. Nilikuwa mtu ambaye bado anakimbia akiwa amekaa kwenye kiti.

Hapo ndipo nilipoona aibu kwa ajili ya yule mama.

Lakini kwa nini watu wawili wanapita njia ileile ya kukimbia, mmoja analegea baada ya muda na mwingine halegei? Sababu ni nyingi, na nyingine hazijulikani. Moja wanayoitaja wachunguzi ni namna mtu alivyoshikamana na mlezi wake alipokuwa mtoto. Na hapa nawaambia habari ambayo ilinifurahisha sana, kwa sababu wengi tunadhani elimu hii ilizaliwa Ulaya na ikaletwa kwetu kama msaada. Sehemu yake kubwa ilizaliwa hapa Uganda, katika vijiji vilivyo karibu na Kampala.

Mwaka 1951 daktari mmoja Mwingereza, John Bowlby, aliandikia Shirika la Afya Duniani taarifa juu ya watoto waliopoteza familia baada ya Vita ya Pili. Yaani ilianza na watoto kama wetu, wasio na kwao. Alisema mtoto anahitaji mtu wa kumshikilia kama anavyohitaji chakula. Mwanamke aliyekuwa amefanya kazi pamoja naye, Mary Ainsworth, alihamia Kampala mwaka 1954 pamoja na mumewe. Akatafuta familia 26 za Waganda zenye watoto wachanga, akawa anazitembelea nyumbani mwao, pamoja na mkalimani, saa mbili kila baada ya wiki mbili, kwa muda uliofika miezi tisa. Hakuwapima damu wala hakuwafundisha kulea. Alikaa akitazama. Mtoto anamwendea nani? Analia nani akitoka? Nani akimbeba ananyamaza? Mambo ambayo bibi zetu walikuwa wakiyatazama siku zote bila kuandika. Mwaka 1967 alitoa kitabu juu ya watoto hao wa Uganda.

Baadaye, akiwa Marekani, alifanya jaribio dogo. Mama na mtoto wa mwaka mmoja wanaingia katika chumba chenye vitu vya kuchezea. Mama anatoka kwa dakika chache, kisha anarudi. Kitu muhimu zaidi kutazama si kilio cha mtoto mama akitoka, bali anavyofanya mama akirudi. Wako watoto wanaomkimbilia, wanabebwa, wanatulia, wanarudi kucheza. Hao ndio wenye mshikamano salama. Wako wanaomng'ang'ania na kumpiga papo hapo, hawatulii hata wakibebwa. Na wako ambao hawageuki. Mama anaingia, mtoto anaendelea na kichezeo chake kana kwamba hakuna aliyeingia. Watu wakasema, huyu ni mtoto imara, hana shida. Lakini wachunguzi walipopima mapigo ya moyo ya watoto wa namna hiyo, wakakuta moyo unakwenda mbio. Uso umetulia, mwili unalia. Baadaye wachunguzi wengine waliongeza kundi la nne, la watoto waliovurugika, ambao mara nyingi mlezi wao ndiye pia hofu yao, kwa hiyo hawajui wamkimbilie au wamkimbie.

Mliosoma mpaka hapa mnajua sasa kwa nini nilisema nitarudi kwa yule binti. "Nimeshamlaza kivulini." Na hakungoja. Tulimsifu sana siku ile. Wazee walisema, "Mtoto mwenye akili kama mtu mzima." Sasa najiuliza moyo wake ulikuwa ukipiga namna gani alipokuwa akirudi peke yake kwenye ile njia ya vumbi.

Watoto hao wanakua, na wanakuwa sisi. Aliyejifunza kwamba kilio hakileti mtu anakuwa mzee wa kanisa ambaye hajawahi kusema kwamba amechoka, na miaka inavyokwenda mgongo wake au tumbo lake ndilo linalosema kwa niaba yake. Aliyejifunza kwamba lazima alie sana ndipo asikiwe anakuwa yule dada anayekuja mlangoni kwa mchungaji mara tatu kwa wiki na maumivu mapya, na ukimwombea leo, kesho yuko tena. Kusema kweli nilikuwa nikijificha nikimwona. Wachunguzi wameona kwamba watu wasio na mshikamano salama wanaelekea kupata zaidi maumivu ya mwili yasiyoonekana sababu. Si sheria, ni mwelekeo. Na tazameni jinsi tunavyowajibu: wa kwanza hatumwoni, wa pili tunamkwepa. Kila mmoja anathibitishiwa kile alichojifunza utotoni.

Sasa nafika mahali pagumu, na ningeomba wamama wasome polepole. Niliporudi kutoka mafunzoni nilimweleza yule mama mambo haya, nikijua namletea habari njema. Alinisikiliza, kisha akauliza, "Kwa hiyo ni mimi niliyemharibu mtoto?"

Sikuwa na jibu. Ni swali la haki kabisa. Elimu hii, tangu wakati wa Bowlby, imelaumiwa kwa kuweka mzigo wote juu ya mama, na ikija kambini na mzigo huo itatuumiza. Mama huyu alipokimbia alikuwa na mmoja mgongoni, mmoja mkononi, na huyu mkubwa alitembea nyuma. Usiku mmoja msituni aliambiwa na wengine, "Huyo mtoto wa mgongoni akilia tutauawa sote." Alimziba mdomo kwa kitenge. Mtoto yuko hai, anacheza mpira hapa nje. Huyu mkubwa alipotaka kushikwa mkono aliambiwa, "Nyamaza, tembea." Akanyamaza, akatembea. Bado ananyamaza na kutembea.

Je, mama huyo anadaiwa?

Nilikwenda kutafuta jibu katika Maandiko, nikalipata mahali ambapo nilipita mara nyingi bila kusimama, katika Samweli wa Pili sura ya 4. Ni mstari mmoja tu. Habari za kifo cha Sauli na Yonathani zilipofika kutoka Yezreeli, mwana wa Yonathani, Mefiboshethi, alikuwa na miaka mitano. Mlezi wake alimchukua akakimbia, na katika haraka ile mtoto alianguka, akawa kilema wa miguu. Hebu mfikirieni mwanamke huyo. Hana jina. Mtu aliyemjeruhi mtoto ndiye huyohuyo aliyemwokoa, katika tendo moja, kwa mikono ileile. Angeweza kukimbia bila mtoto, angefika haraka. Maandiko hayamsifu wala hayamlaumu. Yanasema tu kilichotokea. Nimetafuta mahali popote ambapo Mefiboshethi anamlalamikia mlezi wake, sikupaona.

Nilimsomea mama sura hiyo. Sikumweleza. Alikaa kimya sana, kisha akasema, "Huyo mama alimbeba." Nikasema ndiyo. Akasema tena, "Alimbeba."

Nasema kwa maoni yangu: deni ni neno lisilofaa hapa. Mtu anadaiwa pale alipokuwa na njia nyingine. Lakini kutokuwa na hatia hakufuti kilema. Vyote viwili vinakaa pamoja: mama hana hatia, na mtoto ameumia. Tukikana la kwanza tunamsulubisha mama. Tukikana la pili, tukisema watoto wetu ni imara na hawakumbuki kitu, tunamwacha mtoto atembee nyuma peke yake mpaka uzee. Na mshikamano si mfupa uliounganika vibaya usioweza kunyooshwa tena. Mmarekani Edward Tronick, ambaye tangu miaka ya 1970 aliwatazama mama na watoto wachanga wakichezeana nyuso kwa nyuso, aliona kwamba hata mama mwema anakosana na mtoto wake muda mwingi: mtoto anatabasamu, mama anatazama kwingine, mama anacheka, mtoto amechoka. Kinachomjenga mtoto ni kurudiana baada ya kukosana. Kurudiana kunawezekana mtoto akiwa na miaka tisa, hata ishirini. Na kwetu mtoto hana mlezi mmoja tu. Kuna bibi, kuna shangazi, kuna mama mdogo, kuna mwalimu wa shule ya Jumapili. Mkono wowote unaorudi kila siku ni mkono.

Basi tulifanya nini? Si mambo makubwa. Kuna mshauri wa jamii, mkimbizi kama sisi, aliyekubali kukaa na wamama saba chini ya mwembe kila Jumatano saa kumi alasiri. Hawaanzi kwa kusimulia. Mwanzo nilipinga hilo. Mimi nimefundishwa kwamba mtu aungame ndipo apone. Yeye anaanza na mwili. Kandamizeni nyayo ardhini, sikilizeni udongo. Toeni pumzi polepole, ndefu kuliko mliyoivuta. Kazeni mabega mpaka masikioni, kisha yaachieni. Tajeni vitu vitano mnavyoviona sasa hivi. Mwili uliobaki msituni unaambiwa kwa lugha yake mwenyewe kwamba leo ni leo na hapa ni hapa. Baadaye, mwenye kutaka kusimulia anasimulia kidogo, na akianza kutetemeka wanarudi kwenye nyayo.

Nilipolalamika kwamba hii si kazi ya kanisa, mzee mmoja alinikumbusha Eliya chini ya mretemu. Alipotaka kufa, malaika hakumwuliza kwanza kosa lake. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akamwamsha akampa tena. Mazungumzo yalikuja mbele ya safari, mlimani. Nami nilimpa mama mwenye njaa siku tatu bila maji.

Wala msidhani haya ni majaribio ya vichochoroni. Katika makazi ya Nakivale hapahapa Uganda, wakimbizi wasio madaktari walifundishwa kuwasaidia wenzao waliojeruhiwa moyoni. Wanyarwanda na Wasomali 277 walishiriki katika utafiti huo, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2008 yalionyesha kwamba waliosaidiwa walipata nafuu kuliko walioangaliwa tu. Katika Rhino Camp, wanawake 694 kutoka Sudan Kusini walishiriki katika utafiti wa mafunzo ya vikao vitano, yenye sauti zilizorekodiwa na kitabu cha picha, yakiwemo mazoezi ya kutuliza mwili kama haya ya nyayo. Matokeo yake yalitolewa mwaka 2020: miezi mitatu baadaye, waliopata mafunzo hayo walikuwa na mahangaiko madogo kuliko wenzao. Hayafuti kila kitu. Njaa haiondolewi kwa kupumua, na mtu anayepigwa nyumbani kwake hahitaji kujifunza kutulia, anahitaji kutolewa humo.

Nirudi kwenye barua, maana ndilo jambo nililoshindwa.

Kuna wanaodanganya. Nisiwafiche. Nimeombwa kushuhudia ndoa ambazo hazipo na magonjwa ambayo mwenyewe alicheka akiyataja. Nilidhani kwa ajili ya hao lazima niwe mkali kwa wote. Kisha nikaendelea kusoma habari za Mefiboshethi. Alipokuwa mtu mzima, Daudi alipokimbia Yerusalemu, mtumishi wake Siba alikwenda kwa mfalme akasema bwana wake amebaki mjini kwa makusudi, akitumaini kurudishiwa ufalme. Mfalme aliamini papo hapo, akatoa mali yote ya kilema kwa mtumishi. Hakumsikiliza mwenyewe. Wapendwa, hiyo si ileile "anatafuta nchi ya tatu"? Mtu asiyeweza kutembea anaambiwa amebaki kwa hila. Daudi aliporudi alimkuta hajaosha miguu wala kukata ndevu tangu siku ile, yaani mwili wake wenyewe ulikuwa ushahidi. Na hata hapo mfalme alichoka kusikiliza, akasema wagawane shamba nusu kwa nusu.

Sitaki kuwa Daudi wa siku hiyo. Lakini pia sitaki kuandika uongo. Nilikaa na karatasi jioni nzima, nikatambua kwamba nilikuwa nimejiuliza swali lisilo langu. Hakuna aliyenitaka kusema ugonjwa unaitwaje. Nilitakiwa kushuhudia. Nikaandika kwamba namfahamu mama huyu tangu mwaka 2022. Kwamba nimemwona kwa macho yangu akishindwa kuinua bidoni ya lita 20. Kwamba alianguka penye bomba, na kwamba siku hiyo alikuwa amefunga kwa agizo langu. Kwamba binti yake wa miaka tisa ndiye anayepika. Kwamba ananiambia mgongo unamwaka, nami namwamini. Nikatia sahihi. Katika barua nzima hakuna neno nisiloweza kuliapa, na ningeweza kuiandika siku ileile aliponiomba.

Ofisi haijajibu. Yeye bado anaumwa. Usiku mwingine analala saa nne au tano mfululizo, na ganzi ya mkono imepungua, mgongo bado. Amerudi kwaya, anaimba akiwa ameketi, na hatumsimamishi. Mefiboshethi alipokaribishwa kula mezani kwa mfalme, sura hiyo inamalizika ikisema kwamba bado alikuwa kilema miguu yote miwili. Zamani nilidhani mwandishi alisahau kumponya.

Jumamosi iliyopita, jioni, yule binti alikuja tena mlangoni. Mama yake alikuwa na maumivu na hatafika mazoezini. Nikamwambia, "Ngoja nivae viatu, twende wote." Aligeuka kama anayetaka kwenda, kisha akakaa kwenye jiwe pale nje, akaanza kuchora chini kwa kijiti. Kiatu kimoja kilikuwa chini ya kitanda, kikanichelewesha. Nilipotoka alikuwa bado amekaa palepale.